Orodha ya Penseli

Hapana, hilo si doa. Sogea hapo dirishani, uinamishe hiyo jezi kidogo, mwanga uipige kwa ubavu. Umeona? Hilo ni jina. Lilibandikwa asubuhi, likabanduliwa mchana, gundi ikabaki. Nimeifua mara mbili kwa mikono yangu mwenyewe, haitoki, nikaiacha. Sasa unaniuliza ni la nani, na limefikaje kwangu, mtu ambaye kazi yangu ilikuwa kukata nyasi za uwanja. Kaa basi. Siwezi kukupa katikati bila mwanzo, utaondoka na habari ya ovyo ukaisambaze.

Mwenye jina tutamfikia, naye ndiye aliyeniachia hii jezi. Aliyelibandika na kulibandua ni Mzee Pasi.

Jina lake la kuzaliwa hata mimi nililisikia siku moja tu, hospitali, walipomwita dirishani akachelewa kuitika. Pale klabuni alikuwa Mzee Pasi, mtunza jezi, basi. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa kuu, unashuka ngazi kumi na moja, unainama kidogo, umefika. Humo mlikuwa na mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja ya kubembeleza. Ukutani misumari ishirini na tisa, kila msumari na begi lake la wavu, na kila begi na namba ya mchezaji. Mchezaji akitoka mazoezini anatia nguo zake chafu humo, zinafuliwa humo humo, zinarudi msumarini. Kulikuwa na kabati la droo ndogo ndogo za herufi. Na katikati, pasi yenyewe: pana kama dawati la shule, ina mkono wa chuma unaoushusha kwa uzito wa mwili. Unapanga herufi mgongoni mwa jezi, unashusha, unahesabu mpaka kumi na tano, unainua. Jina limeshika.

"Herufi inayonimaliza ni A," alikuwa akilalamika. "Watu hawawezi kupeana jina bila kutia A? Ningekuwa na uwezo ningewatoza."

Miaka thelathini na moja alikuwa mle ndani. Alikuwa akisema, "Makocha kumi na saba wamepita, wote wamenikuta na wote wameniacha. Mimi na pasi yangu hatujawahi kufungwa goli." Halafu anacheka peke yake, kwa sauti ya kukwaruza, mpaka na wewe unacheka.

Lakini alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mzaha ndani yake. Kila msimu kabla ligi haijaanza, ofisi inamteremshia orodha ya waliosajiliwa, jina na namba. Mzee Pasi alikuwa habandiki jina mpaka orodha iwe imeandikwa kwa kalamu ya wino na imepigwa muhuri. Ukimletea nusu nusu anakurudishia. "Jina likishashika kitambaa, hiyo ni ndoa," alisema. "Mimi sifungishi ndoa ya majaribio." Na kwa miaka yote thelathini na moja alikuwa hajawahi kubandua jina kabla ya msimu kuanza. Hata moja. Hilo wachezaji walilijua. Ndiyo maana msimu wa usajili ulikuwa unawaona wanashuka zile ngazi, mmoja mmoja, wanajifanya wanatafuta soksi.

Sasa msimu huo ninaokusimulia ulikuwa na ukimya ambao mimi sikuupenda. Ligi ilikuwa imelala, jua kali, nyasi zangu zinataka maji na maji wamepunguza. Rangi ya jukwaa ilipakwa nusu, mafundi wakaondoka na ngazi zao. Ofisini juu pazia zilikuwa zimefungwa tangu asubuhi. Na huku nje watu wanashangilia! Maana klabu ilikuwa imemnunua mshambuliaji mkubwa kutoka mbali, yule sisi tulimwita Mgeni. Alipokelewa kwa tarumbeta. Picha yake ilibandikwa getini, ndefu kuliko geti.

Watu hawakujua kwamba kumnunua mtu ni kazi moja na kumsajili ni kazi nyingine.

Mhasibu wa klabu, mama mmoja mpole, mwembamba, alituita wafanyakazi wote akatueleza. Alisema shirikisho limeleta sheria: katika kila mia inayoingia klabuni, sabini tu ndiyo ruhusa kwenda kwenye mishahara ya timu. Ikizidi sabini, hawakusajilii mtu mpya hata mmoja, uwe umemnunua kwa dhahabu. Na msimu uliopita tulikuwa tumetolewa mapema, viti vilikuwa vitupu, kwa hiyo ile mia yenyewe ilikuwa imesinyaa. Mgeni peke yake mshahara wake ulikuwa unakula wa watu watano.

Wengine walikuwa wanakuna vichwa. Mzee Pasi akasema, "Mbona rahisi. Ni mashine yangu hiyo. Inabeba kilo nane. Ukitia ya tisa haikugombezi, haipigi kelele. Inajaza maji, inanyamaza, na nguo zote zinabaki ndani, chafu na safi."

Mhasibu akamtazama sana. "Ndivyo hivyo, mzee wangu," akasema. "Hasa hapo pa kunyamaza."

Basi ile misumari ikaanza kuachia. Wiki ya kwanza begi la winga mdogo halikurudi, ameuzwa. Wiki ya pili nahodha. Kisha kiungo mmoja aliyekuwa na watoto mapacha, halafu kipa wa tatu. Kila ukimuuliza Mhasibu anasema, "Bado kidogo." Unashuka mle chumbani unaona ukuta, misumari mitupu inakuangalia. Na Mgeni, bwana mkubwa wa watu, anafanya mazoezi upande wa pili peke yake na jezi isiyo na namba, maana hajaandikwa popote. Nilikuwa namkatia nyasi pembeni. Hata yeye alikuwa hacheki.

Sasa nikupe huyu mwingine. Beki wetu wa kushoto, tulimwita Kufuli, kwa jinsi alivyokuwa anafunga ule upande. Umri thelathini na mbili, goti moja linalia kidogo asubuhi, lakini mtu wa kazi. Na alikuwa mkwe wa Mzee Pasi. Miaka tisa nyuma alishuka zile ngazi kulalamika kwamba kaptula yake imerudi imebana, akamkuta binti wa mzee anamsaidia baba yake kukunja taulo. Mzee alikuwa akisema, "Alishuka na malalamiko, akapanda na mchumba. Na kaptula wala haikubana, alinenepa." Kwa hiyo wakaoana, wakapata watoto wawili, na wakati huo binti alikuwa na ujauzito wa miezi saba. Walikaa kwenye nyumba ya klabu, nyuma ya uwanja wa mazoezi, vyumba viwili na sebule. Nyumba ile ilikuwa inakwenda na mkataba. Mkataba ukiisha, funguo zinarudi.

Na mkataba ulikuwa umeisha na msimu.

Mwenyekiti alikuwa amemwambia, "Wewe ni wa nyumbani, Kufuli. Utasaini tu. Tumalize kwanza ya huyu Mgeni." Alimwambia hivyo mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Kumbe huku nyuma kulikuwa na timu ndogo iliyopanda daraja, inamtaka. Kocha wake ni mtu tuliyemwita Winga, aliyewahi kuchezea kwetu zamani, Mzee Pasi amemfulia jezi miaka sita. Mshahara mdogo, lakini miaka miwili, na nyumba. Winga alishapiga simu mara tatu. Ya mwisho alisema, "Na mimi nina kikomo changu, ndugu yangu. Nafasi imebaki ya mtu mmoja. Siku ya mwisho nakusubiri mpaka saa sita mchana, baada ya hapo naandika mwingine."

Siku ya mwisho ikafika. Usajili unafungwa saa kumi alasiri.

Saa tatu asubuhi nilikuwa mle chumbani na kikombe changu cha chai, ndiyo ilikuwa desturi yetu, tarishi akashuka na karatasi. Mzee akavaa miwani. Nikachungulia juu ya bega lake.

"Mbona penseli?" nikamuuliza.

"Labda kalamu nazo zimeuzwa," akasema, akacheka kile kicheko chake. Lakini kilikatika mapema. Akapitisha kidole kwenye majina, polepole, namba moja, namba mbili. Kwenye namba tatu kidole kikasimama. Kufuli. Imeandikwa vizuri, mwandiko wa ofisi. Ila kwa penseli, na hakuna muhuri.

"Yumo," akasema.

"Yumo kwa penseli."

"Nimekusikia." Akaiweka karatasi chini ya kopo la herufi, akaanza kupanga jezi mpya, hakugusa pasi. Alikuwa na akili zake kabisa, nataka ulijue hilo. Saa nne nilipita, hajabandika. Saa tano nilipita, hajabandika.

Ilipofika saa tano na nusu nilikuwa nimeketi pale mlangoni nanoa kisu cha mashine ya nyasi, Kufuli akashuka. Amevaa shati jeupe na viatu vyeusi, simu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona viatu vya harusi?"

"Niliambiwa nije saa mbili kusaini." Alitaka kucheka, haikutoka. "Nimekaa kwenye lile benchi mpaka sasa hivi. Mlango haujafunguliwa. Mtu anatoka mlango wa nyuma, nasikia gari. Nikiuliza naambiwa subiri."

Mzee alikuwa anakunja jezi ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

"Baba, Winga yuko kwenye simu mpaka saa sita. Nikimwambia ndiyo, leo napakia vitu, na mama watoto na hali yake ile, tunaanza upya kwa watu. Nikimwambia hapana na hawa wakanigeuka, sina hapa wala sina kule. Sitaki unipe siri za ofisi. Niambie neno moja tu. Orodha wewe unaiona kabla yetu. Nimo?"

Mle ndani ikabaki sauti ya mashine ile nzima inazunguka. Mzee aliitazama karatasi chini ya kopo. Akanitazama mimi. Nikasema neno moja, na sijui kama nililisema kwa nguvu ya kutosha, nalifikiria mpaka leo. Nilisema, "Penseli."

"Wewe kanywe chai," akaniambia.

Akavuta jezi namba tatu. Akailaza, akainyoosha kwa kiganja mara mbili, mara tatu, kama unavyotandikia mgeni kitanda. Akafungua droo akatoa herufi moja moja: K, U, F, U, L, I. Akazipanga bila rula, jicho lake lilikuwa rula. Akashusha mkono wa chuma kwa uzito wote wa kifua chake, na nikaona midomo yake inahesabu. Kumi na tano. Harufu ya gundi ya moto ikajaa chumba. Akainua.

"Umo," akasema. "Tazama mwenyewe."

Ungeona uso wa yule mtu! Alicheka kama ameachiwa kutoka mahali. Aliijua ile sheria ya mzee, wachezaji wote waliijua. Jina likishashika, limeshika. Pale pale akapiga simu. "Kocha, nakushukuru sana kaka yangu. Hapana, nabaki. Baba ameshabandika." Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Kisha akampigia mkewe, na sisi wote tukasikia binti anapiga vigelegele kwenye simu, na sauti ya bibi, mke wa mzee, nyuma yake. "Mwambie baba aje nayo hiyo jezi!" binti alikuwa anasema. "Mwambie tunapika, tunawasubiri! Na mkata nyasi aje!"

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya nyumba yao. Kila msimu jezi ya kwanza ya Kufuli ilikuja nyumbani kwanza, anaivaa sebuleni, anageuka, wanaliona jina, ndipo wanakula.

Kufuli akapanda ngazi mbili mbili. Mzee Pasi akaanza kubandika zingine, ishirini na tatu zilizobaki, bila kusema na mimi. Katikati akajaza taulo kwenye mashine. Nilimwona anatia, anatia tu, mawazo yake yako kwingine. Mashine ikajaza maji. Ikaguna kidogo. Ikanyamaza.

Saa nane tukasikia viatu kwenye ngazi. Viatu vya mwanamke, polepole, ngazi moja, kisha nyingine. Mhasibu alikuwa hajawahi kushuka mle hata siku moja. Alipofika chini alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, na mimi niliona kutoka nilipokaa: wino wa bluu, na muhuri mwekundu chini yake.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mama."

Alizungusha macho akaona jezi zimetundikwa, zote zina majina. Alipoiona namba tatu akafumba macho kidogo.

"Umeshabandika," akasema.

"Nimeshabandika."

"Kipa wa akiba hakwenda," akasema Mhasibu. "Ilikuwa aondoke leo saa nne, kila kitu kiko tayari. Ile timu iliyokuwa inamchukua nayo kikomo chake kimejaa, wamemrudisha. Kwa hiyo mshahara wake umerudi kwetu. Nimekokotoa mara nne, mzee wangu. Imezidi."

"Imezidi kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu mmoja."

Mzee hakuuliza mtu gani. Akauliza, "Na huyo Mgeni asipoandikwa?"

"Mdhamini anaondoka. Akiondoka, si mmoja tena, ni nusu ya hao." Alionyesha jezi kwa kidevu. "Wengine wote wana mikataba, kumtoa mmoja ni kumlipa. Asiye na mkataba ni yeye tu. Mwenyekiti atampigia mwenyewe, amesema wewe usimwambie kitu."

"Jina lake lilikuwa kwenye orodha."

"Ile ilikuwa ya penseli, mzee wangu."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliingia vile. Mzee Pasi akajishika kwenye ile pasi, akatoa mkono haraka, bado ilikuwa ya moto. Akasema, "Basi niondoeni mimi. Futa mshahara wangu, uweke wake. Mimi nitakuja kufua tu, nina mazoea."

Mhasibu akasema kwa sauti ndogo, "Niliufuta wako. Nikafuta na wa kwangu. Nilitaka tu kuona ingekuwaje. Yote miwili haifiki hata mshahara wake wa mwezi mmoja." Akaiweka orodha ya wino mezani, akailainisha kona. "Waandishi watashuka saa kumi kupiga picha jezi. Namba tatu ibaki wazi. Jina litoke."

Akapanda. Kumi na moja, nilizihesabu.

Mzee akaniomba simu yangu, yake haikuwa na salio. Akampigia Winga. Sikutaka kusikiliza, lakini chumba kile kilikuwa kidogo na Winga alikuwa na sauti ya uwanjani. "Mzee wangu! Bado unafua?" Mzee akamweleza kwa maneno machache. Kisha tukasikia, "Baba, saa sita na dakika tano nilisaini mwingine. Karatasi imeshakwenda. Mimi ningemsubiri hata mpaka saa tisa, lakini aliniambia baba ameshabandika. Na mimi nakujua wewe. Sikungoja tena."

Mzee akanirudishia simu, akasema asante kwa adabu, kama nimempa chumvi.

Kubandua kulivyo ni hivi, sikiliza. Unapasha pasi, unashusha kidogo tu, gundi ilegee. Unashika kona ya herufi kwa kibano, unavuta taratibu, ukivuta kwa hasira unachukua na kitambaa. Alikuwa hajui kazi hiyo, hakuwahi kuifanya. Nilimwona anajifunza pale pale, na uzee wake. Alianzia mwisho. I ikatoka. L ikatoka. Herufi zilikuwa zinajikunja kwenye kibano kama maganda, anaziweka kwenye kiganja. Nyuma yake ile mashine imenyamaza na taulo zake ndani ya maji.

Alipofika kwenye K akasimama.

"Unajua nilidhani nini?" akaniambia, hajageuka. "Nilidhani nikishabandika wataona aibu kubandua."

Akavuta K.

Saa kumi waandishi walishuka, wakapiga picha jezi ya Mgeni, namba tisa, wakaipiga kwa mbele na nyuma. Namba tatu hakuna aliyeiuliza. Walipoondoka mzee akaishusha, akaigeuza kwenye mwanga, akaona kile unachokiona wewe sasa. Akaikunja vizuri akaitia kwenye mfuko wa karatasi. "Twende," akasema. "Wanatusubiri."

"Mwenyekiti ameshampigia?"

"Atakuwa amempigia," akasema. Lakini hatua zake zilikuwa za mtu asiyeamini. Tulipita getini, chini ya ile picha ndefu. Tukapita uwanja wa mazoezi. Mzee alikuwa anauhamisha mfuko mkono huu, mkono ule, kama mzigo mzito, na jezi ina uzito gani? Nikamwambia, "Mwambie kabla hatujaingia. Mwite nje." Akasema ndiyo. Akarudia, ndiyo, ndiyo. Tulipofika mlango ulikuwa wazi, na binti ameshasimama pale na tumbo lake, anafuta mikono.

"Baba! Mmechelewa mpaka watoto wamelala na njaa, wameamka na njaa! Iko wapi?"

Sebule ilikuwa imefagiliwa, meza imevutwa katikati, viti vya kuazima kwa jirani, wali umefunikwa, kuku amefunikwa, bibi anapunga nzi kwa kitambaa. Kufuli bado na shati lake jeupe, mikono ya shati imekunjwa, anawabeba watoto wake wawili kwa mpigo, mmoja kila mkono. Nilimtazama usoni. Hakuna aliyempigia.

"Mzee mwenyewe huyo!" akasema. "Lete, baba, kabla hawa hawajanila mimi."

Mzee Pasi akafungua mdomo. Nilimwona. Akanyoosha mkono, akampa mfuko.

Kufuli akaweka watoto chini, akaingia chumbani. Tulikaa tukisikia karatasi inachakarika. Kisha haikuchakarika tena. Bibi akasema, "Huyu anavaa jezi au anashona?" Binti akacheka. Mzee alikuwa anatazama sakafu, mimi nikatazama kuku.

Alipotoka alikuwa ameivaa. Uso wake ulikuwa ule ule, ameushika kwa nguvu zote kama alivyokuwa anashika ule upande wa kushoto. Namba tatu ndogo kifuani. Alikuja kwa mbele, ubavu ubavu, mgongo kwa ukuta, akazunguka meza yote hivyo hivyo mpaka kiti cha mwisho, kile kilichogusana na ukuta. Akakaa. Akakisukuma kiti nyuma mpaka hakikwenda tena.

"We! Geuka tulione jina," binti akasema. "Toka asubuhi nangoja."

"Tule kwanza, mama," akasema Kufuli. "Wageni wana njaa."

"Sekunde moja tu!"

"Tule kwanza." Akamtazama baba mkwe wake, juu ya sahani zote zile, na hakukuwa na hasira, ingekuwa afadhali ingekuwepo. "Baba, keti. Hujakaa tangu umefika."

Mzee Pasi akaketi. Bibi akaketi, mimi nikaketi, watoto wakapandishwa vitini. Binti ndiye wa mwisho, alizunguka kwa tumbo lake akainamisha chombo cha wali, akamwekea baba yake, akaniwekea mimi, akafika kwa mumewe akitaka kupita nyuma ya kiti chake. "Sogea nipite," akasema. Kufuli hakusogea. Alinyoosha mikono miwili akapokea sahani kwa mbele, na simu yake ikaanza kutetemeka juu ya meza, karibu na chumvi, na akaiacha itetemeke, huku binti bado amesimama pale pembeni na upawa mkononi, anangoja njia, na mvuke wa wali unapanda. Kisha simu ikanyamaza, na binti akarudi kwa njia ndefu, akaketi, tukaanza kula.